Hivi anayesema "tumeshinda" alicheza namba ngapi?

Kochi_la_Kona

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima nikaona bora nikilete humu, maana humu kuna waliosoma na kuna wanaoujua mpira, na wachache wana vyote viwili.

Nina mdogo wangu, mtu mzima kabisa ana mke na watoto wawili. Jumamosi timu yake ilishinda 3-1, nikampigia simu hata salamu hajaitikia vizuri ananiambia "kaka umeona tulivyowanyoosha? tumewapa tatu, tungetaka tungewapa tano". Haya. Jumatano timu ile ile na kocha yule yule ikala mbili bila, nikampigia makusudi nimchokoze kidogo, jibu lake "aah hawa jamaa hawajitambui kaka, wamecheza kama wamelazimishwa". Hawa jamaa!! Siku nne tu nyuma walikuwa "sisi". Nikamuuliza si ni nyinyi mlioshinda jumamosi? Akasema anaendesha gari, atanipigia. Hana gari.

Sasa tangu siku hiyo nimekuwa kama mgonjwa, nikisikia shabiki anaongea nahesabu tu- na wa-. Watangazaji, majirani, hata mimi mwenyewe juzi nimejikamata. Swali langu ni hili, mtu ambaye mara ya mwisho kupiga mpira alikuwa shule ya msingi, hajaitwa kambini, hajalipwa, kocha hamjui, anapata wapi ujasiri wa kusema TUMEshinda? Ni ujinga tu kama anavyosema shemeji yangu au kuna kitu watu wa sosholojia walishakiona hapo? Tafadhali msinijibu "mpira ni mapenzi", hilo nimeshaambiwa.

Beki_Tatu

Alicheza namba 12 mkuu, na kadi nyekundu kapewa na mke wake.

Msomi_Mvivu

Mkuu hiyo tu- na wa- yako ilishapimwa, tena zamani. Mwaka 1976 kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, alitoa utafiti na wenzake, na walichofanya ni chepesi mpaka unajiuliza kwa nini hukukiwaza wewe. Walichagua vyuo vikuu 7 vyenye timu za mpira wa Kimarekani, alafu kila jumatatu wanakaa darasani wanahesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo. Basi. Timu ikishinda mwisho wa wiki, jumatatu nembo zimejaa. Ikifungwa, watu wanakumbuka kuwa wana mashati mengine kabatini.

Wakaenda mbele wakawapigia wanafunzi simu, kama wewe ulivyompigia mdogo wako, ila wao walianza na maswali machache ya kupima ujuzi. Wengine wakaambiwa umefaulu vizuri, wengine umefeli, na hayo matokeo yalikuwa ya kubuni tu. Ndo wakaulizwa, hebu nielezee ile mechi ya chuo chenu iliishaje. "Sisi" ilitoka zaidi kwenye mechi za ushindi, hilo ungelitegemea, ila utamu wote upo kwenye hili: waliotofautisha zaidi kati ya ushindi na kufungwa ni wale walioambiwa wamefeli. Yaani mtu aliyetoka kushushwa ndo anaukimbilia ushindi wa wenzake kwa mbio zaidi, na ndo wa kwanza kuruka pembeni wakianguka. Kwa hiyo mkuu mi nisingemuuliza mdogo wako habari za timu, ningemuuliza wiki ile kazini kulikuwaje.

Kingine cha haraka. Tarehe 17 Julai 1994, fainali ya Kombe la Dunia pale Pasadena, Brazil na Italia 0-0 mpaka penalti, Baggio wa Italia akapaisha, Brazil wakabeba. Kuna watafiti walikuwa wamechukua mate ya mashabiki wanaume wa pande zote mbili, watu waliokuwa wanaangalia kwenye skrini tu. Homoni ya testosteroni kwa wa Brazil ilipanda, kwa wa Italia ikashuka. Watu wenyewe walikuwa wachache, usiende nao mahakamani, ila mtu kakaa kwenye kiti hajanyanyua hata mguu na mwili wake umeshasajili matokeo. Mwili hausubiri ruhusa ya sarufi.

Nahodha_Mstaafu

Msomi nakubali kazi yako ila hizo ni habari za kichwa cha mtu mmoja mmoja. Jamaa kauliza jamii. Mimi nasema hivi, hiyo "tu" mwanzoni haikuwa uongo hata kidogo.

Rudi Uingereza karne ya 19. Arsenal ilianzishwa 1886 na mafundi wa kiwanda cha silaha Woolwich. Manchester United ilianza 1878 ikiitwa Newton Heath, wafanyakazi wa reli wale. West Ham mzizi wake ni Thames Ironworks, 1895, watu wa kuunda meli. Everton ilitoka kanisani. Sasa chukua fundi wa pale, wiki nzima kasimama kwenye mashine yake, na huyo anayecheza winga jumamosi ni yule yule anayesimama mashine ya pili kutoka kwake, anamjua kikohozi chake, anajua ana deni kwa nani. Huyo akifunga goli utasemaje? Utasema tumefunga. Utakuwa hujakosea chochote.

Na kitu kingine watu wanakisahau ni muda. Ushabiki unahitaji nafasi, na nafasi ilipatikana kwa sheria. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilisema kwenye viwanda vya nguo wanawake na vijana jumamosi wasifanye kazi kupita saa 8 mchana, na kiwanda kikishapoteza hao hakiendi, hata wanaume wanatoka. Kidogo kidogo na kazi nyingine zikafuata. Hesabu mwenyewe, unatoka saa 8, unakula unanawa, mechi saa 9. Ndo maana jumamosi saa 9 mpaka leo ina heshima yake kule. Mji umejaa watu waliotoka vijijini, hakuna ukoo, hakuna mzee wa kuwaita pamoja, jirani hujui jina lake, alafu saa 9 mnajikuta elfu kadhaa mnaimba kitu kimoja. Kwa wengi pale ndo palikuwa mahali pekee pa kusema "sisi" bila kuonekana kichaa.

Alafu 1885 chama cha mpira kikaruhusu wachezaji kulipwa, klabu zikaanza kuleta watu kutoka mbali, Waskoti wengi tu. Winga sio jirani wa mashine tena. Lakini watu hawakubadilisha kiambishi! Mchezaji kabadilika, mwenye timu kabadilika, uwanja umehamishwa, "tu" imebaki pale pale kama jina la marehemu kwenye hati ya nyumba.

(Na msidhani kulipwa kulipita kirahisi. Kwenye raga wenye nafasi zao waligoma, wanasema mchezo ni wa kupenda sio wa hela. Rahisi kusema ukiwa huna zamu jumamosi. Vilabu vya kaskazini vilitaka tu mchimba makaa afidiwe mshahara anaoukosa akienda kucheza, wakakataliwa, Agosti 1895 wakakutana hotelini Huddersfield wakajitenga, ndo mpaka leo kuna raga mbili.)

Winga_Kushoto

Nahodha nimekusoma vizuri na nimefurahia kikohozi cha winga, ila hapo kwenye "elfu kadhaa mnaimba kitu kimoja" umepita kwa spidi sana kaka yangu. Mnaimba akina nani?

Vita ya kwanza ya dunia wanaume wako vitani, wanawake ndo wako viwandani, wakaanza timu. Maarufu kuliko zote ni Dick, Kerr Ladies wa Preston, wasichana wa kiwanda kilichokuwa kinatengeneza risasi na mabomu, vigezo vyako vyote vya mashine ya pili wamevitimiza. Tarehe 26 Desemba 1920 wakacheza Goodison Park, uwanja wa Everton, watu kama 53,000 ndani. Mwaka haujaisha, tarehe 5 Desemba 1921, chama cha mpira kikakaa kikaamua mchezo huu haufai kabisa kwa wanawake na klabu zake zisiwape viwanja. Hawakusema msicheze. Walisema msichezee KWETU. Hiyo marufuku ilikaa karibu miaka 50.

Sasa mtu anakuja leo ananiambia mpira wa wanawake hauna historia, hauna mashabiki, hauna "sisi". Vijana wa kiume walirithi timu kutoka kwa baba na babu, sisi mpira wetu ungerithiwa wapi wakati geti lilifungwa miaka 50? Tena haukufa, mwaka 1971 Mexico iliandaa mashindano ya wanawake ambayo FIFA haikuyatambua, fainali yake pale Azteca ilijaza watu zaidi ya laki moja.

Na niwape ya kwangu ndogo. Mimi nimecheza tangu nina miaka 9, winga, goti la kulia lina kovu la sentimita nane. Siku moja tunaangalia mechi na mashemeji, timu ikashinda nikaruka "tumeshindaaa!", mmoja wao kitambi mpaka hapa, hajawahi kukimbia hata kuwahi mvua, akanigeukia taratibu akasema "haya tuelezee, ofsaidi ni nini". Yeye alisema "tumeshinda" sekunde tatu kabla yangu na hakuna aliyemtahini. Kwa hiyo Kochi swali lako limekaa vizuri ila mi naona ulikate upya, shida sio anayesema "sisi" bila kucheza, kuna wanaocheza wakikatazwa kuisema.

Beki_Tatu

Dada ulimjibu nini huyo shemeji?

Winga_Kushoto

Nilimuelezea. Na mfano wa chupa za soda mezani. Kumbe alikuwa hajui kweli.

Mtazamaji_Tu

Kila kitu mnaingiza siasa jamani. Mpira ni mpira. Refa akipuliza filimbi ya mwisho watu wanaenda nyumbani, mambo ya jinsia sijui matabaka mnayaleta nyinyi wasomi.

Msomi_Mvivu

Mtazamaji mi sina ubishi na wewe, lakini mambo haya hayakuletwa na wasomi, yaliletwa na mashabiki na wachezaji wenyewe. Mesut Özil, kazaliwa Gelsenkirchen Ujerumani hapo hapo, wazee wake asili yao Uturuki, kaichezea Ujerumani mechi 92 na Kombe la Dunia 2014 kalibeba. Wakatolewa mapema 2018, na tayari alikuwa anasemwa kwa ile picha yake na rais wa Uturuki. Tarehe 22 Julai akaaga timu ya taifa kwa maandishi, akasema kwa rais wa chama chao na wanaomuunga mkono yeye ni Mjerumani tukishinda na mhamiaji tukifungwa.

Soma hiyo tena alafu rudi kwa mdogo wake Kochi. Ni tu- na wa- ile ile! Tofauti ni kwamba mdogo wake Kochi akisema "hawa jamaa" hakuna anayeumia, kesho atarudi. Ila taifa likimwambia mtu "hawa jamaa", huyo anarudi wapi?

Na 2021 Wembley, fainali ya Ulaya, Uingereza imefungwa na Italia kwa penalti. Waliokosa walikuwa Rashford, Sancho na Saka, huyo Saka ana miaka 19. Kabla hawajafika nyumbani mitandaoni matusi ya rangi yameshajaa. Dakika 120 walikuwa "vijana wetu". Usiku huo huo kule Manchester mchoro wa Rashford ukutani ukachafuliwa, na kulipokucha watu wakaja, wamo na watoto wadogo, wakabandika vikaratasi vya kumtia moyo mpaka uchafu ukafunikwa wote. Hapo naona ugomvi mzima uliokuwa juu ya neno "sisi", kwenye ukuta mmoja.

Mtazamaji_Tu

Sawa hiyo ya Saka iliniuma hata mimi. Lakini bado.

Tiketi_ya_Nyuma

Nimefuatilia tangu mwanzo. Nahodha ile ya hati ya nyumba umeniua, ila nataka kukuonyesha kesi ambapo marehemu alifufuka akadai nyumba.

Klabu ya Wimbledon, kusini mwa London. Tarehe 28 Mei 2002 jopo la watu watatu likawaruhusu wamiliki waihamishie Milton Keynes, huko ni zaidi ya kilomita 70. Kisheria kila kitu ni cha wamiliki, jina, wachezaji, nafasi kwenye ligi. Mashabiki wakasema chukueni, klabu ni sisi. Mwezi uliofuata wakatangaza majaribio kwenye uwanja wa wazi tu, kiwanja cha umma, anayejua kucheza aje. Wakaunda AFC Wimbledon, wakaanzia ligi za chini kabisa, hata ngazi ya kitaifa hujaiona kwa macho. Mwaka 2011 wamepanda mpaka ligi rasmi za kulipwa, na Novemba 2020 wamerudi mtaa ule ule wa Plough Lane kwenye uwanja mpya. Wamiliki ni mashabiki wenyewe. Nambieni pale nani anaweza kumuuliza mtu "ulicheza namba ngapi".

Sio kwamba hela imeshindwa, hapana. Hela inaipenda sana hiyo "tu", inaiuza. Kila msimu jezi mpya, na anayeinunua hanunui kitambaa, ananunua kiambishi. Ila kuna siku inagoma. Aprili 18, 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zikatangaza ligi yao ya kujifungia, ile Super League, siku mbili tu baadaye zile 6 za Uingereza zote zinajitoa. Nje ya uwanja wa Chelsea mashabiki walilizuia basi la timu yao wenyewe, ikabidi Petr Čech atoke barabarani kuwaomba wapishe, huku anazongwa. Golikipa wa zamani, lejendi, anaambiwa usoni hapa sisi ndo klabu. Sijawahi kuona sarufi ikizuia basi.

Viatu_Vimeisha

Nyinyi wote mnaongelea KUTAZAMA. Mi sitazami mechi, zinanipa usingizi. Mi nakimbia, tuko kama 14, alfajiri. Na kuna "sisi" nyingine hamjaitaja ambayo haihitaji mshindi.

Mara ya kwanza nilipoiona nilikuwa mgeni kwenye kundi, sijui jina la mtu, kama kilomita ya sita hivi kilima kinaanza mazungumzo yakakata, nikasikia miguu. Mwanzo ilikuwa vurugu, alafu hakuna aliyesema kitu, vishindo vikaanza kuangukia pamoja mpaka ikawa mguu mmoja mkubwa. Na pumzi pia. Nilikuwa nimeshachoka nataka kusimama ila sikuweza kusimama, yaani ilikuwa kama kusimama ni kumtoka mtu katikati ya sentensi.

Hii ya miili kwenda pamoja serikali na wanaharakati waliijua mapema kuliko makocha. Huko Ujerumani Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi ya viungo Hasenheide, Berlin, 1811, Napoleon kawakalia, vijana wanaruka na kuning'inia huku wanafundishwa kuwa wao ni taifa. Watawala waliona kabisa ni nini kinapikwa, kuanzia 1820 Prussia, dola iliyoitawala Berlin, ikapiga marufuku mazoezi hayo hadharani mpaka 1842. Mazoezi jamani, kuruka boksi! Wacheki nao wakaanzisha Sokol, chama cha mazoezi ya viungo, kule Prague 1862 wakiwa bado chini ya Austria, maelfu ya watu wanainua mikono kwa pamoja uwanjani. Hamna goli wala kombe, lakini ukishatoka pale unajua kabisa nani ni "sisi".

Na ndo inanitisha pia. Mguu ule mmoja mkubwa hauulizi unaelekea wapi, madikteta wa karne ya 20 walijaza viwanja kwa mbinu hiyo hiyo. Mi kundi letu linaelekea kwenye maji ya kunywa tu, lakini nimeonja ile kitu najua ina nguvu kiasi gani.

Nahodha_Mstaafu

Viatu hapo umenikumbusha kambini, asubuhi tunazunguka uwanja kwa wimbo, golikipa wetu hakuwa anaongea na nusu ya timu ila kwenye wimbo anaitikia. Wimbo ukiisha kanuna tena.

Na Winga nakubali kosa langu, hao wasichana wa Preston nilipaswa kuanza nao.

Kochi_la_Kona

Wakuu nimerudi, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Asanteni. Shemeji yangu nimemsomea ya Winga akacheka mpaka akalazimika kukaa, anasema huyo mwenye kitambi anamjua.

Msomi nilifanya ulichosema. Nilimpigia mdogo wangu sikutaja mpira, nikamuuliza wiki ile ya 3-1 kazini kulikuwaje. Akakaa kimya kidogo alafu akasema ijumaa yake aliitwa ofisini akaambiwa mkataba wake hautaongezwa, alikuwa hajamwambia mtu, hata mke wake alimwambia jumatatu. Kwa hiyo ile jumamosi "tumewanyoosha" ilikuwa ndo kitu pekee alichokishinda wiki hiyo. Nimejisikia vibaya kwa utani wangu wa jumatano, tumeongea nusu saa, mambo mengine sio ya humu.

Mwishoni nikamuuliza, na jana je, maana jana wametoka 1-1. Akanijibu "jana? imeisha sare". IMEisha. Sisi hatupo, wao hawapo, mechi imejiisha yenyewe. Msomi hiyo i- nayo ilishapimwa?

Beki_Tatu

Na gari kapaki wapi?